Part ya Vingt-Six

11 septembre 2023
Registre ya présence ilioza. Mvua ya kwanza iliingia mu bureau, ikapita ndani ya armoire, karatasi zote zikakuwa kama bugali. Maman Colombe, comptable yetu, alisema kila mutu atafute cahier, aandike mwenyewe siku zake za kazi, ye atakopia kisha. Mimi njo Marcellin. Napika sabuni ku savonnerie ya Muzee Kassim, hapa Kadutu. Miaka makumi tatu na moja. Leo nilitumika.

12 septembre
Nilitumika.

13 septembre
Nilitumika. Mvua saa nane.

16 septembre
Nilitumika nusu siku. Mafuta ya ngazi, yale mawese ya kupikia sabuni, iliisha. Zamani fûts, mapipa ya mafuta, zilijaza cour mpaka tulikuwa tunapita upande upande. Saa ya kumimina sabuni harufu ilishuka avenue yote, wamama walitoka na beseni bila kuitwa. Bibi yangu wa ndoa, Marie-Louise, njo alikuwa anakata barre za sabuni na waya. Hakupima. Alikata robo ine, zote sawasawa. Ku soko walikuwa wanauliza: hii alikata Marie-Louise? Kama haiko yeye, walilomba bei ipunguke. Njo pale nilimuonaka mara ya kwanza, na waya mu mukono. Miaka tatu sasa tangu alikufa.
Colombe aliona hii page. Alisema: Papa Marcellin, nilisema siku za kazi. Nikasema: hizi zilikuwa siku za kazi.

17 septembre, dimanche
Mvua inaingia mu nyumba fasi tatu. Niliweka ndoo mbili na sufuria.

22 septembre
Muzee Kassim alikuya na fimbo. Macho yake haione tena vizuri. Bintu, mutoto yake mwanamuke anaishi Uvira, njo alimushika mukono. Tulisimama mu cour, watumishi saba na Colombe. Muzee hakuleta maneno mingi.
— Naenda Uvira kwa Bintu. Sitarudi. Savonnerie nauza.
Ignace, mwenzangu wa cuve, ile sufuria kubwa ya kupikia sabuni, hanyamazake hata mu kanisa. Alisema:
— Na sisi, muzee, tuko ndani ya bei ao tuko nje?
Watu walicheka. Muzee hapana.
— Iko mutu ya Minova, Papa Guy, anataka kununua. Nyinyi munanidai mushahara ya miezi munane. Najua. Franga sina. Mutafute namna na Colombe, mimi nitasikiliza.
Huyu muzee alinikataka mushahara ya siku mbili ju nilichelewa, asubui Déborah mutoto yangu alizaliwa. Nilimuchukia miaka kumi nzima. Leo alikuwa anatafuta mulango na mukono, anapapasa ukuta. Nilienda nikamuonyesha.

25 septembre
Nilitumika.

26 septembre
Nilitumika. Ignace hakuimba.

3 octobre
Mvua ilitufungia mu dépôt. Colombe aligeuza carton ya sabuni, akaandika nyuma na crayon. Alisema company inapatikanaka kwa njia mingi, haiko moja.
— Papa Guy anaweza kununua vitu tu. Cuve, moules za kumiminia sabuni, na udongo wa parcelle. Anabeba anaenda. Company inabakia na deni zake, na nyinyi munabakia munamudai muzee, na muzee iko Uvira.
— Ile ni kununua ngozi, kisha unaacha nyama — Ignace alisema.
— Ao ananunua parts. Company inakatwa vipande mia moja, kila kipande njo part. Mwenye kununua parts anachukua kila kitu: cuve, deni, nyinyi, na miaka yenu yote.
Ignace aliinua kidole.
— Part yangu itakuwa upande gani ya cuve? Mimi nataka ya chini. Moto inabakiaka chini.
Wengine hawakucheka, ju walikuwa wanataka kuuliza vile vile. Na mimi pia.
Colombe alifunga macho kidogo.
— Haiko kipande ya chuma, Papa Ignace. Iko kipande ya sauti. Uko na parts kumi, unasema mara kumi.
— Na kama sina hata moja?
— Unasikiliza.
Akasema tena: iko location-gérance. Guy hanunue kitu. Analipa loyer ya kila mwezi, anaitumikisha savonnerie kwa muda, kisha anarudisha. Na iko coopérative, watumishi wenyewe wanakuwa wenye mali. Pale kila kichwa mukono moja, ukuwe na part moja ao makumi ine.

4 octobre
Nilitumika. Nilifikiri ju ya ile carton siku yote. Mimi nilisoma mpaka troisième primaire, lakini shamba najua. Kwetu Nyantende iko bwasa: unalima shamba ya mutu saison moja, unatoa kitu, unarudisha. Ile njo location-gérance. Iko bugule: umenunua, imekwisha, mwenyewe anakusahau. Ile njo kununua parts. Na iko kalinzi. Unapeleka ng'ombe kwa mwenye udongo, anakupa fasi. Unalima, mutoto yako analima, mujukuu analima. Ye hawezi kukufukuza. Wewe hauwezi kuuza.
Nilimuuliza Colombe kalinzi iko fasi gani mu sheria ya company.
— Haiko, papa.
— Basi sheria yao imekosa kitu.

9 octobre
Fujo. Ignace alikataa coopérative.
— Marcellin iko na miaka makumi tatu na moja. Huyu kijana Maneno aliingia mwaka jana, hata harufu ya soude haiyamuzoea. Mukono moja na moja?
Maneno njo anabebaka fûts. Alijibu:
— Miaka yenu njo ilileta savonnerie mpaka hapa inauzwa.
Nilitaka kumupiga. Kisha nikaona hakusema uongo.
Colombe alitengeneza njia ya katikati. Ile miezi munane tunayomudai muzee, atulipe na parts. Parts zote zinaingia mu coopérative yetu. Kati yetu, kila mutu mukono moja. Mbele ya Guy, tunakuwa mutu moja, sauti moja.
— Kama ndoa — Ignace alisema.
— Wewe ndoa yako ilidumu? — Maneno alimuuliza.
Wakacheka. Ikapita. Walinichagua mimi niende kuongea na Guy.

12 octobre
Nilitumika. Mafuta ilifika, fûts mbili. Zamani zilikuwa makumi ine.

18 octobre
Guy alikuya kwa muzee, tukaonana pale. Nilingojea mutu munene, na minyororo ku shingo. Iko mwembamba, anaongea polepole, anasalimia na mikono mbili.
— Papa Déborah, mimi sabuni hii njo ilinilipia masomo. Mama yangu aliiuzaka ku soko ya Minova, barre, nusu, robo.
Colombe hakukuwa. Alienda Nyangezi ku kilio ya shangazi yake. Nilikuwa peke yangu.
Guy alisema company ataichukua nzima na deni, lakini watumishi wapate parts vingt, makumi mbili. Mimi nikasema trente, makumi tatu. Alicheka kidogo.
— Tukatane katikati. Vingt-cinq. Robo nzima, papa.
Robo. Hii neno ilinipata. Ku soko robo ya barre iko kitu ya heshima, mama anafulia watoto wote week nzima. Nilimupa mukono. Bintu alileta Fanta.
Nilirudi na furaha, natembea ndani ya matope kama mutu ya makumi mbili.

20 octobre
Colombe alirudi. Nilimuambia: vingt-cinq! Alikaa ku kiti. Hakuvua hata foulard ya kilio.
— Papa Marcellin. Statuts, sheria ya ndani ya company, zinasema kazi yake ni kupika sabuni. Kubadilisha ile kazi, inalomba tatu kwa ine ya parts. Ukitoa vingt-cinq mu mia, inabakia ngapi?
— Soixante-quinze, makumi saba na tano.
— Na soixante-quinze iko nini?
Nilihesabu na vidole. Robo yangu moja, yeye robo tatu. Tatu kwa ine.
— Ana haki ya kuzima moto peke yake — alisema. — Atageuza hapa dépôt ya sabuni ya Uganda. Amekwisha kuuliza bei ya ma étagères, mbao za kupangia vitu, mimi njo nilimupa vipimo, nilifikiri ni ya magasin tu. Kama mungekuwa na vingt-six, makumi mbili na sita, angebakia na soixante-quatorze, makumi saba na ine. Hangeweza bila nyinyi.
— Moja?
— Moja.
Niliwaambia wenzangu mwenyewe. Ignace alinitazama, hakutania. Afazali angenitukana.

21 octobre
Nilitumika.

23 octobre
Nilienda kwa Guy kulomba moja. Alisema: tulishikana mukono, papa. Ni kweli, tulishikana.

24 octobre
Nilitumika. Nilikata barre mwenyewe. Zilitoka mbaya.

29 octobre, dimanche
Niliwaza hivi: mukono nilimupa Guy, lakini parts ziko bado za muzee, hajasaini. Niende kwa muzee na kalinzi. Ng'ombe hatuna. Tulichanga, tukanunua mbuzi. Nilimuachia Ignace ailete.
Misa ilipoisha tulienda sote saba. Ignace alikuya na beseni ku kichwa, imefunikwa na kitenge.
— Mbuzi iko wapi?
— Iko ndani. Nilichinja, nikachuna, nikaosha na matumbo. Nilimuhurumia muzee, macho yake ile, nani atamuchinjia?
Miaka makumi tatu tunakula sambusa ya Idi kwa huyu mutu. Kila Idi! Na hakuna mutu mu wale saba alikumbuka muislamu hali nyama amechinja Ignace.
Bintu alifungua kitenge, akafunika tena pole pole. Muzee alisikia harufu.
— Nani alichinja?
— Mimi, muzee — Ignace alisema, anajivuna bado.
— Ulisema Bismillahi?
— Nilisema kwa jina la Baba na la Mwana.
Bintu alikimbia ndani. Tulimusikia anacheka mpaka anakohoa. Muzee alibakia wima, anakaza mdomo, sikujua ni hasira ao ni nini.
— Mupelekee wagonjwa — alisema. — Na wewe Marcellin, urudi peke yako, siku ingine.
Njiani Ignace alikuwa karibu kulia. Njo mara ya kwanza nilimuona vile. Nilimubebea beseni.

2 novembre
Siku ya wafu. Nilienda Nyantende ku kaburi ya Marie-Louise. Nilitoa majani. Maharagwe inaanza kutoa maua, mvua ilikuwa nzuri huku. Iko mbuzi ine, mutoto ya mutoto ya ile alinunua na mushahara yake ya kwanza ya kukata sabuni. Dada yake njo anazichunga. Nilimulomba moja.
— Unaenda kuoa? — aliniuliza.
— Naenda kulomba kipande ya sabuni.
Alifikiri nimeanza kuwa muzee wa kichwa. Alinipa ya kike, nyeusi. Nilitembea nayo mpaka muji, mvua ku mugongo, mimi na yeye.

4 novembre
Nilifikisha mbuzi ku mulango ya muzee, muzima, analia. Muzee aliigusa masikio, mugongo, tumbo.
— Hii haijachinjwa — alisema.
— Hapana, muzee.
— Ni ya nini?
— Kalinzi.
Alikamata kamba ya mbuzi. Kisha alisema baba yake alipataka shamba ya kahawa upande wa Nyantende kwa kalinzi, kwa Mushi moja, mwenye udongo wa kule, na mpaka leo ile shamba hawajaiuza, ju haiuzwake. Alisema watu wa familia yao walifika huku na biashara, walinunua kila kitu, lakini ile shamba tu njo walipewa.
— Ukiwa mutoto ya watu walitoka mbali, kupewa haiko sawa na kununua — alisema.
Nilimuambia yote: robo, mukono, soixante-quinze. Alisikiliza. Aliuliza kama cuve inavuya bado upande wa kushoto. Nikasema inavuya. Aliuliza nani anakata sasa. Nikasema hakuna mutu anajua kukata sasa.
— Alikuwa mukali, bibi yako — alisema. — Pale nilikukata siku mbili za mushahara, alikuya bureau na mutoto mu kitenge, wiki moja tu kisha kuzaa, hajapona. Alinitukana. Nilimulipa zile siku mbili, nikamuambia asikuambie, ju ungenizoea.
Sikujua hii. Miaka yote sikujua. Nilimuchukia mutu bure miaka kumi, na bibi yangu iko anajua, ananyamaza, anakula ile franga na mimi.
Muzee alisimama.
— Coopérative itapata vingt-cinq, vile mulisema. Guy soixante-quatorze. Moja inabakia, sitauza. Nitakupa wewe. Kalinzi haipewake groupe, inapewa mutu mwenye jina. Hautaiuza.
— Sitaiuza.
— Bintu, funga mbuzi.

15 novembre
Kwa notaire, kusaini karatasi. Kalinzi haiko mu karatasi zao, Colombe alifanya waandike «donation», zawadi. Guy aliona soixante-quatorze, akainua kichwa. Nilifikiri atakataa. Alitazama jina yangu, akatazama viatu vyangu, akasaini.
— Moja — aliniambia ku ngazi, bila hasira. — Moja inanunulikaka, papa.
Muzee aliondoka kwenda Uvira muchana ule ule. Hakulomba kuona savonnerie. Alishusha kioo ya gari pale kona, akavuta hewa, akapandisha.

20 novembre
Nilitumika. Ma gari ya campagne ya uchaguzi inapita na muziki, watu wanapata t-shirts. Ignace amevaa ya wagombea watatu, moja ju ya ingine, anasema ni baridi.

27 novembre
Mvua siku tatu. Ukuta ya nyuma ya nyumba yangu ulikatika, udongo umeshuka. Nalala upande wa mulango.

28 novembre
Guy alikuya kuniona ku nyumba. Alivua viatu, nyumba yenyewe iko matope. Alitazama ndoo, ukuta, kitanda.
— Papa Marcellin, nitakuambia bei ya kweli. Barre yetu inatoka na bei ya juu kuliko ile ya Uganda ikisha kulipa douane ku mupaka. Colombe anajua. Mama yangu angekuwa bado ku soko, leo asingeinunua. Watu saba wote nitawapa kazi mu dépôt. Kubeba, kuuza, kuchunga. Hakuna atafukuzwa.
— Na cuve?
— Chuma.
Kisha akasema: unipe ile moja. Mabati mupya, ukuta ya briques, na fundi nalipa mimi. Mbele ya Noël.
Nilisogeza ndoo pale mvua inaingia. Alivaa viatu vyake ku mulango. Haiko mutu mubaya. Ningependa akuwe mubaya.

29 novembre
Nilitumika. Nilimuuliza Colombe kama ile bei ni kweli. Ni kweli.

2 décembre
Déborah alipiga simu. Nilimuambia ju ya mabati. Alisema: papa, chukua. Alisema: mama hangekubali ulale mu maji. Sijui. Mama yake alinificha siku mbili za mushahara maisha yote, naanza kuona sijue vile angesema.

5 décembre
Mutu alisema aliona viatu ya Guy ku mulango yangu. Ignace alinifuata mpaka ku robinet.
— Umekwisha kula?
— Kula nini?
— Usinifanye mujinga. Nilikosa mbuzi, lakini macho niko nayo.
Nilinawa mikono, nikaenda.

6 décembre
Nilitumika.

7 décembre
Nilitumika.

8 décembre
Tulipika cuve nzima. Saa ya kumimina nilisimama pale, harufu ikapanda, nikageuza kichwa kumuambia Marie-Louise alete waya. Nilimuita kabisa, na jina. Maneno alinitazama. Kisha akaenda kuleta waya.

16 décembre
Assemblée, mukutano wa wenye parts. Tulikaa mu dépôt, mvua inapiga mabati, tunapaza sauti. Guy aliongoza vizuri, bila kiburi. Alisema bei, alisema dépôt, alisema kazi ya kila mutu. Colombe anaandika procès-verbal, maneno yote ya mukutano.
— Mwenye kukubali company ibadilishe kazi.
Guy: soixante-quatorze.
Coopérative tulikuwa tumepiga kura ya siri kati yetu, ine kwa tatu. Ignace njo alisemea. Alisimama kama mutu anasoma mu kanisa.
— Coopérative, vingt-cinq, hapana.
Kisha akakaa, hakunitazama. Wote walitazama ile mvua. Guy peke yake njo alinitazama. Nilijua mabati yako mu camion nje, niliyaona nikiingia, yamefungwa na kamba mupya.
— Papa Marcellin? — Colombe alisema. — Part moja.
— Hapana.
Maneno alipiga mikono mara moja, akaacha. Ignace aliinama, akashika uso. Guy aliweka bic ku meza.
— Sawa. Ni haki yako. Lakini unielezee, muzee, niweke mu kichwa. Bei ni mbaya, unajua. Nyumba inaanguka, unajua. Kwa nini?
Nilitafuta maneno ya kujibu mutu amesoma. Nilifikiri kazi, nilifikiri wenzangu, kalinzi, muzee. Zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja ilikuwa ile.
— Ju sina fasi ingine ya kuenda asubui.
Colombe alikuwa ameinua bic.
— Papa, niandike vile?
— Andika vile.